Kaske (vipokea sauti vya kichwani) za zamani za umeme tuli, sikio la kushoto liko dhaifu: ninunue ao niache?

Mwalimu_Katuba

Jambo ba yaya na ba ndugu. Niko Lubumbashi. Kuna mzee mmoja kule mtaa wa Golf, zamani alikuwa injinia wa migodi. Anahama kwenda kukaa na watoto wake, kwa hiyo anauza vyombo. Katikati ya vyombo hivyo nimekuta kaske za Stax SR-5 na kisanduku chake cha umeme, SRD-7. Anataka dola 150.

Nimeenda kuzisikiliza mara mbili. Mara ya kwanza aliweka santuri ya rumba ya zamani, nikasikia kidole cha mpiga solo kikiteleza juu ya waya kabla noti haijatoka. Ngozi juu ya chuma, kabisa. Tangu siku ile moyo wangu uko kule Golf.

Lakini sikio la kushoto liko chini, kama nusu ya la kulia, na mara mojamoja linatoa mlio kama mafuta yanayokaanga. Mzee anasema zimelala kabatini miaka mingi. Nyuma ya kisanduku kumeandikwa 100V. Anatumia transfoma yake ya kushusha umeme, lakini hiyo haimo kwenye bei.

Utando umekufa? Unatengenezeka hapa kwetu? Na bei hiyo ni ya haki? Mimi nafundisha shule ya msingi, dola 150 nazikusanya kwa miezi.

Fundi_Kadutu

Mwalimu, jambo toka Bukavu. Umeeleza vizuri, na hiyo ni nusu ya kazi.

Usiuzike utando bado. Ndani ya kila sikio kuna utando wa plastiki wa mikroni chache tu, umetandazwa kati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando unabeba chaji isiyobadilika, kwa SR-5 ni volti 230. Muziki unapita kwenye mabamba, nayo yanauvuta na kuusukuma. Chaji ikipungua, sauti inashuka. Ndiyo maana sikio dhaifu mara nyingi ni sikio ambalo halijajaa. Rangi iliyopakwa juu ya utando ina ukinzani mkubwa mno, umeme unaingia kama maji yanayochuruzika mtungini. Kaske iliyolala miaka inaweza kudai saa nyingi. Mwombe mzee aziache zimechomekwa usiku kucha bila muziki, wewe urudi asubuhi.

Zikibaki vilevile, fanya hivi. Kisanduku kinaungwa kwenye matundu ya spika ya ampli (kikuza sauti) ya kawaida, sivyo? Zima ampli, badilishana waya za kushoto na kulia pale zinapoingia. Udhaifu ukihamia kulia, kosa liko kwenye ampli ao santuri, kaske ni nzima. Ukikaa palepale kushoto, hamishia kaske kwenye tundu la pili la kisanduku, maana SRD-7 ina mawili. Ukikaa bado, basi ni sikio lenyewe, waya wake, ao upande wa kushoto ndani ya kisanduku.

Mama_Santuri_Goma

Mlio wa mafuta ni vumbi ao unyevu, na sisi wa Goma vumbi tunalijua. Mchanga wa volkano unaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Punje moja ikikaa kati ya utando na bamba, chaji inapata daraja la kuvujia.

Nakuomba sana, mtu asikwambie upulize kwa mdomo. Zangu za kwanza zilikufa hivyo mbele ya macho yangu: rafiki alipuliza mara moja tu, kwa nia njema, pumzi yenye maji ikaingia, na kesho yake sikio lilikuwa linapiga filimbi lenyewe bila muziki. Usitumie hewa ya kompresa pia. Na usizizike kwenye mchele kama watu wanavyofanya na simu, mchele una unga wake. Kusanya vile vifuko vidogo vya kukaushia vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, weka kama kumi ndani ya boksi la plastiki linalofunga vizuri, laza kaske humo siku nne ao tano. Kule kwenu mvua ni Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo miezi hiyo boksi hilo liwe ndiyo nyumba yao.

Mzee_wa_Risasi

Mimi ni wa hapahapa, Kamalondo. Wote wameongea vizuri, lakini hakuna aliyegusa kitu kinachonitisha: 100V.

Kijana wangu, ukutani kwetu ni 220. Visanduku hivi vya zamani vinapata chaji yake kwa kuzidisha volti za ukutani kupitia dayodi na kapasita (kifaa kinachotunza chaji). Ukikilisha mara mbili, nacho kitatoa zaidi ya mara mbili ya kile ambacho utando ulitengenezewa, na cheche itautoboa. Bila transfoma usichomeke hata dakika moja. Hata ile ndogo ya wati 50 inatosha, maana kisanduku kinakula umeme kidogo sana. Weka na stabilaiza mbele yake, unajua wenyewe umeme wetu wa jioni.

Ukitaka kupima chaji kwa mita ya kawaida, usishtuke ukikuta namba ndogo. Kuna rezista (kizuizi cha umeme) kubwa njiani. Ikiwa ni ya megaomu 4.7 na mita yako ina ukinzani wa megaomu 10, itakuonyesha kama volti 156 ingawa 230 zipo. Wengi wamebadilisha kapasita nzima kwa kosa hilo. Na kisanduku usikifungue mara tu baada ya kukizima. Kapasita hazisahau upesi.

Bei: transfoma ikiwa ndani ya bei, dola 110 hadi 120 ni haki kwa kaske zenye ugonjwa. Bila transfoma, ongea bei ishuke zaidi. Ongea kwa heshima, mzee anaachana na kitu anachokipenda.

Mwalimu_Katuba

Nimerudi. Mzee alikubali kuziacha zimechomekwa toka saa kumi na mbili jioni. Asubuhi la kushoto lilikuwa limepanda, si sawasawa na la kulia lakini karibu. Nilibadilisha waya kama Fundi alivyosema, udhaifu kidogo ulibaki kushoto. Nimezichukua kwa 115, na transfoma ndani. Mzee alinipa na santuri ile ya rumba, akasema hana pa kuisikilizia tena.

Zimelala kwenye boksi siku tano. Mlio wa mafuta umeisha. Leo nimesikiliza saa mbili mfululizo, kushoto na kulia sauti iko katikati, mahali pa mwimbaji.

Limebaki jambo moja. Pedi zinachanika, zinamwaga vipande vyeusi. Na nikizikandamiza kichwani, utando unatoa sauti kama karatasi inayokunjwa. Ni hatari?

Fundi_Kadutu

Hongera, mwalimu! Hiyo sauti ya karatasi ni ya kawaida, hewa uliyoifungia inausukuma utando ukaguse bamba. Usikandamize kwa nguvu, basi.

Pedi ziondoe wiki hii, kabla vile vipande havijaingia ndani. Kabla ya kuzibandua, chora umbo lake kwenye karatasi, tundu la katikati pamoja na unene. Fundi wa viatu anayejua kushona ngozi laini atakufanyia. Mwambie ngozi isitobolewe upande wa sikio, na sponji iwe mpya. Gundi usiipake karibu na matundu, na kazi yote aifanye kaske zikiwa nyumbani kwako, yeye apewe karatasi tu.