Programu ipi ya bajeti binafsi inaweza kukadiria salio la miezi ijayo?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Natafuta programu ya kutunza hesabu zangu binafsi, na sharti langu kubwa ni kwamba inionyeshe salio la akaunti litakavyokuwa kila siku katika miezi mitatu ijayo, badala ya kuishia kwenye matumizi ya mwezi uliopita. Nina akaunti mbili za benki na kadi moja ya mkopo. Mshahara na kodi ya nyumba vina tarehe zake, lakini bima hulipwa mara moja kwa mwaka, na ndiyo inayovuruga mpangilio wote kila inapofika. Nisingependa kuikabidhi programu nywila ya benki, na ningependa kuweza kuzichukua data zangu siku nitakapoamua kuhama. Mnanishauri nini?

Jibu la kwanza

Ndugu, kwanza tenganisha kazi mbili ambazo watangazaji wa programu hizi huzichanganya. Bajeti huamua fedha zitumike kwa lipi; makadirio ya salio hukueleza zitakuwepo kiasi gani siku ya malipo. YNAB, programu ya bajeti, kwa mfano, imejengwa juu ya kanuni ya kugawa fedha zilizokwisha kuingia tu, na kwa makusudi haikuruhusu kupangia mshahara ambao bado hujaupokea. Naiheshimu kanuni hiyo, hasa kwa mtu anayetaka kudhibiti matumizi, ila sicho ulichokiomba.

Kwa mahitaji yako ningeanza na KMyMoney, programu huria inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila kuhitaji nywila yoyote ya benki. Unaingiza miamala inayojirudia pamoja na tarehe zake, bima ya mwaka ikiwemo, nayo ina sehemu maalumu ya makadirio inayoonyesha mwenendo wa salio la kila akaunti. Unaweza kuchagua makadirio yategemee miamala uliyoipanga au historia ya matumizi yako. Mimi ningechagua ya kwanza, kwa sababu historia haiwezi kujua kwamba bima inakuja. GnuCash nayo ni huria na ipo tangu miaka ya 1990. Katika daftari la akaunti huonyesha salio la chini kabisa linalotarajiwa, lakini huhesabu miamala iliyokwisha kuandikwa humo tu, kwa hiyo ni lazima uiagize iandike miamala iliyopangwa siku nyingi kabla ya tarehe yake.

Hilo salio la chini kabisa ndilo la kutazama. Chukua mwezi wa siku 30 unaoanza na salio la 1,000: kodi ya 450 tarehe 5, bima ya 300 tarehe 20, mshahara wa 1,200 tarehe 28, na matumizi ya kawaida ya 20 kila siku. Mwezi unafungwa na 850, na mtu anayetazama jumla peke yake ataridhika kabisa. Ukifuata siku kwa siku, tarehe 19 inaisha ukiwa na 170, tarehe 20 unaingia kwenye deni la 150, na kufikia mwisho wa tarehe 27 deni limefika 290. Programu inayokupa jumla ya mwezi pekee haitakuonyesha siku hizo nane.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu salio la chini, ila sioni ulazima wa programu maalumu kwa akaunti tatu. Lahajedwali (kama la Excel) lenye safu nne, yaani tarehe, maelezo, kiasi na salio, linatosha: matumizi yaandikwe kwa alama ya kutoa, panga kila kitu kwa tarehe, kisha salio la kila mstari liwe salio la mstari wa juu yake kujumlisha kiasi cha mstari huo. Fomula ya MIN, inayotafuta namba ndogo kuliko zote, kwenye safu ya salio itakupa siku mbaya kuliko zote. Kazi iliyobaki ni kulinganisha salio hilo na taarifa ya benki mara kwa mara, na kazi hiyo hutaikwepa hata ukinunua programu ya gharama kubwa.

Ukipenda kutumia kivinjari, PocketSmith imejengwa juu ya kalenda na makadirio, na inakubali kupakiwa faili za benki bila kuunganishwa moja kwa moja na akaunti. Hata hivyo, data zako zitakaa kwenye seva zao.

Jibu la tatu

Naongeza mambo mawili. Malipo ya kadi ya mkopo yaingize kama uhamisho kutoka akaunti ya benki kwenda kwenye kadi, kamwe si kama matumizi mapya. La sivyo kila ulichonunua kwa kadi kitahesabiwa mara mbili, na makadirio yatakuogopesha bure.

La pili ni kuhama, na hapa nakusihi uwe makini. Microsoft iliacha kuuza programu yake ya hesabu binafsi, Money, mwaka 2009, na kampuni ya Intuit ikaifunga programu yake ya bajeti, Mint, mwaka 2024, kwa hiyo hata jina kubwa si dhamana. Kabla hujaingiza hesabu za mwaka mzima, ingiza miamala michache, itoe kama faili la CSV (faili la maandishi matupu ambalo lahajedwali huweza kulisoma), kisha ulifungue kwenye lahajedwali uone kama tarehe, kiasi na jina la akaunti vimebaki salama. Ratiba ya malipo ya baadaye kwa kawaida haimo kwenye faili hilo, hivyo iandike pembeni mwenyewe.