Tupeane uzoefu: wakati wa blokusi, wewe unasomea wapi chuoni?

Mwana-Kamalondo

Ndugu na dada wa Lubumbashi, habari zenu. Blokusi itaanza baada ya majuma matatu, na kuna jambo nataka tulizungumze mapema: unapofungua silabusi (kitini cha somo), unakaa wapi? (Kwa wasomaji wa nje ya Kongo: blokusi ni zile wiki ambazo vipindi vimeisha na mitihani haijaanza, kila mtu amejifungia kusoma. Na "yaya" kwetu ni dada au kaka mkubwa, si mlezi wa watoto.)

Nianze mimi. Mwaka wa kwanza nilianguka masomo mawili kwenye sesio (awamu ya mitihani) ya kwanza, na nyumbani wakaamua kwamba sisomi. Nilikuwa nasoma! Nasoma kitandani, kwenye chumba cha homu (bweni) tulichokaa watu sita. Mmoja amewasha resho (jiko la umeme) anasonga bukari (ugali), wawili wanabishana juu ya mpira, wa nne anaongea na simu. Nafungua ukurasa wa 12, na saa moja ikipita bado niko kwenye ukurasa wa 12. Nikaamini kichwa changu ndicho kibovu.

Kabla ya sesio ya pili, rafiki yangu mmoja alinipeleka jioni kwenye oditwari ya zamani. Ukumbi mtupu, ubao mrefu, dirisha moja halina kioo. Akanipa kipande cha chaki kisichozidi kidole gumba, akasema, "Funga daftari, andika unachokijua cha kemia." Niliandika mistari minne, mkono ukasimama. Miezi minane darasani, mistari minne! Sijawahi kuliona pengo langu waziwazi kama jioni ile. Tangu hapo hesabu na kemia nazisomea ubaoni, nimesimama, daftari limefungwa. Kitandani nalala tu.

Sasa nipeni yenu: mahali, saa, mwanga mnaotumia, na somo gani linaingia hapo. Palipowashinda pia semeni. Majina ya vyuo tuyaache, tusimchafulie mtu jina.

Yaya wa Sheria

Mimi nilimaliza sheria miaka miwili iliyopita na sikuwahi kusoma nimekaa. Nilikuwa na njia yangu, ile yenye mijakaranda, kutoka majengo ya utawala hadi uwanja wa mpira. Ibara moja, mti mmoja. Nikifika kwenye mti natamka ibara kwa sauti, bila kutazama karatasi. Ikikataa, sivuki mti. Nafungua, nasoma, nafunga, natamka tena. Kuna siku nilisimama kwenye mti mmoja hadi watu wakadhani namsubiri mtu. Oktoba njia nzima inageuka zambarau, na mpaka leo nikiona yale maua chini, sheria ya mikataba inanirudia mdomoni.

Saa nzuri ni jioni, jua likiwa limelegea. Na mpite wawili wawili mkiweza: mmoja anatamka, mwenzake ameshika karatasi na hamwonei huruma.

Binti wa Katuba

Asante aliyeanzisha. Nyinyi mnaokaa homu mnasema "jioni", sisi tunaotoka mjini jioni si yetu. Mimi napanda basi mbili kurudi nyumbani, na giza likiingia kabla sijafika kituo cha pili, mama hali chakula mpaka anione mlangoni. Mwaka wa kwanza nilijilazimisha kubaki chuoni na wenzangu mpaka usiku. Siku moja basi zilikosekana, nikatembea kipande kirefu na mtu nisiyemjua akinifuata nyuma, nikisimama naye anasimama. Niliingia kwa mama mmoja muuza mikate nikakaa nyuma ya meza yake hadi kaka yangu alipokuja kunichukua. Sikusoma neno juma zima. Kwa hiyo anayesema "wasichana wa mjini hawajitahidi kubaki", naomba afikirie tena.

Nikageuza saa. Nalala mapema na kuku, naondoka na basi ya kwanza pamoja na mama zetu wanaokwenda sokoni. Basi hilo limejaa vikapu na kina mama, na humo ndimo ninamojisikia salama kuliko popote. Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye ukumbi ambao promosio yetu (wanafunzi wa mwaka wetu) itaingia saa mbili. Nakaa benchi ya mbele, upande wa dirisha la mashariki, kwa sababu jua linaingia pale kwanza. Mwanga wa bure, hauombi umeme wala chaji. Juni na Julai baridi ya asubuhi inauma vidole kweli, kwa hiyo nafunga kitenge cha pili mabegani na chupa ya chai iko mapajani. Saa mbili kamili nina saa mbili za kusoma mfukoni, na profesa anapoingia, somo la jana bado liko moto kichwani.

Faida nyingine sikuitegemea. Kwa sababu niko pale kila siku, wasichana wengine wa Kenya na Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, walianza kuja. Sasa tuko watano. Hatuongei mpaka saa moja na nusu. Baada ya hapo tunaulizana.

Msomaji wa Kimya

Mimi ni maktaba, basi. Meza ya mwisho, mgongo kwa ukuta, nisione nani anaingia. Wanaoandika TFC na memware (kazi za mwisho wa masomo) wajue: kazi za wanafunzi waliotangulia haziazimwi, zinasomewa humohumo, kwa hiyo mtafika huko mtake msitake. Nendeni mapema mwaka, siyo siku ya kumi kabla ya kuwasilisha.

Politekniki L3

Sisi wa uhandisi mwaka wa tatu (L3) tuko wanne na tuna sheria moja: chaki anashika asiyeelewa. Zamani alishika anayejua, tukawa tunatazama mkono wake unavyokimbia, tunatikisa vichwa, tunarudi chumbani watupu. Tukabadilisha. Asiyeelewa anasimama ubaoni, anatatua hesabu ya sakiti kwa sauti, na hao watatu hawaruhusiwi kumpa jibu, wanaruhusiwa kuuliza tu, "Kwa nini umeandika hivyo?" Inachosha. Hesabu moja inaweza kula saa nzima. Lakini anayerudi kukaa chini amebeba kitu.

Mwanga ndio shida yetu, maana tunasoma usiku. Umeme wa mabwawa ya Inga, kule magharibi mwa nchi, unasafiri zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kolwezi kabla haujatugawia sisi, na migodi nayo ina njaa yake. Ukikatika, tuna betri ya pikipiki na balbu ndogo ya LED ya volti 12, tumeifunga kwa waya juu ya ubao. Betri ikichajiwa vizuri inatufikisha usiku wa manane. Mshumaa tuliuacha baada ya kumwangukia mwenzetu juu ya noti za muhula mzima. Tulizima kwa viatu, lakini kurasa za katikati zilikwenda. Alinakili upya kutoka kwa watu watatu tofauti. Jamani, mshumaa kwenye chumba chenye magodoro na karatasi si wa kusomea.

Mwana-Kamalondo

Hiyo ya "chaki anashika asiyeelewa" naichukua leo hii. Na Binti wa Katuba, pole sana kwa usiku ule. Sikuwahi kulifikiria basi la alfajiri kwa upande huo.

Saikolojia Ruashi

Ninachosomea mimi kinagusa mada hii moja kwa moja, nisiwanyime.

Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani, Steven Smith, Arthur Glenberg na Robert Bjork, waliwapa wanafunzi orodha ya maneno 40 wayasome mara mbili. Kundi moja lilisoma mara zote mbili katika chumba kilekile. Kundi la pili lilisoma mara ya kwanza katika chumba kimoja, mara ya pili katika kingine kisichofanana nacho. Kisha wote wakajaribiwa katika chumba kipya. Waliokaa chumba kimoja walikumbuka kama maneno 16. Waliohama walikumbuka kama 24. Kwa hiyo ile desturi ya "hiki ndicho kiti changu, sihami" inaweza kukudanganya: unakumbuka vizuri ukiwa pale, mtihani unakukuta kwingine.

Na ile chaki ya Mwana-Kamalondo ina ushahidi pia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma matini tena na tena na wale walioisoma, wakaifunga, wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja waliojipima walikuwa wamewapita. Angalieni hizo dakika tano, ndizo zinazotuponza. Ukimaliza kurudia ukurasa unajisikia umeshika, kwa sababu bado uko ndani ya dakika tano zako.

Yaya wa Sheria

Mdogo wangu, hapo kwenye kuhamahama sikubali moja kwa moja. Mimi nilikuwa na njia moja miaka yote na nilipita.

Saikolojia Ruashi

Yaya, kwa heshima: miti mingapi?

Yaya wa Sheria

Arobaini na kitu.

Saikolojia Ruashi

Basi ulikuwa unahama kila ibara. Ungezisoma zote chini ya mti mmoja tungebishana.

Yaya wa Sheria

Sikuwahi kuitazama hivyo. Nimekuelewa.

Papa wa Kampemba

Wanangu, nimesoma yote. Nami niwaachie ya kwetu, kwa kuwa hapa mnaongea juu ya mahali na saa, nasi tulikuwa na sababu nyingine ya kuchagua.

Mimi niliingia chuo mwaka 1993. Wakubwa zetu walitukataza kabisa kusomea peke yetu gizani, hata nyuma ya jengo tu, hata kwa nusu saa. Walikuwa wanakumbuka usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa mabwenini kwenye kampasi ya Lubumbashi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Wengine waliotufundisha desturi za blokusi walikuwa wamepoteza rafiki usiku ule, na hawakupenda kuulizwa.

Basi sisi tulikuwa tunakwenda kwa hesabu. Mmoja anasimama mlangoni anahesabu: tumetoka saba. Tunasoma kwenye ukumbi mmoja, kila mtu kona yake, kimya. Wakati wa kurudi anahesabu tena, na asipofika saba hakuna anayeondoka. Mchana tulipenda kile kichuguu kikubwa kilichokuwa karibu na mabweni. Mnavijua vichuguu vya huku, kirefu kuliko mtu, kina kivuli mpaka alasiri. Unaegemea udongo mwekundu, ni baridi mgongoni hata Oktoba. Shati linachafuka, lakini nimesomea hapo botania yote. Sijui kama kipo bado.

Watoto wangu wawili sasa wako chuo. Nawauliza jambo moja tu kila jioni: mmetoka wangapi, mmerudi wangapi?

Binti wa Katuba

Papa, asante sana. Sisi tulikuwa hatuhesabiani. Tutaanza.

Politekniki L3

Papa, kichuguu kipo kimoja mashariki mwa mabweni. Kama ndicho, kimeliwa na mvua upande mmoja lakini watu bado wanakiegemea.

Mgeni toka Likasi

Shikamooni wote. Mimi niko L1 (mwaka wa kwanza), udaktari wa mifugo. Nimetoka Likasi, huku sina ndugu, nakaa homu, tuko wanane chumbani. Nimesoma anatomia ya ng'ombe mwezi mzima. Nikiwa na silabusi mkononi naona najua mifupa yote. Asistanti (msaidizi wa profesa) akiuliza, kimya. Juzi nililia chooni ili wenzangu wasinione. Nimepata jibu hapa kwamba labda si kichwa, lakini naogopa kwenda kwenye ukumbi mtupu peke yangu, na wavulana wa promosio yetu wana kundi lao.

Mwana-Kamalondo

Mdogo wangu, pole. Nami nilifika hapohapo ulipo, na si kichwa. Anatomia ni ya kuchora. Usisome mguu, uchore mguu. Lakini peke yako usiende.

Binti wa Katuba

Mdogo wangu wa Likasi, njoo kwetu. Hatusomi kitu kimoja, haidhuru, ubao ni mrefu. Wewe tayari uko ndani ya kampasi, usitoke gizani. Subiri mpaka kuwe kumepambazuka, saa kumi na mbili na nusu, tutakuja wawili kukuchukua mlangoni kwa homu yenu. Niandikie pembeni uniambie ni ipi. Vaa nguo nzito. Chaki tunayo.

Papa wa Kampemba

Binti, Mungu akubariki. Mtakuwa sita basi.

Mgeni toka Likasi

Nimerudi kuwaambia. Leo asubuhi walikuja kweli, nilisikia jina langu dirishani. Nilichora mguu wa mbele wa ng'ombe ubaoni, silabusi ikiwa kwenye begi la yaya ili nisiifungue. Bega likaja, mkono wa juu ukaja. Kwenye karpasi (kifundo cha mguu wa mbele) inatakiwa mifupa sita, nikaandika minne, mkono ukasimama. Yaya aliniuliza, "Hiyo miwili inakaa juu au chini?" Sikujua. Hakuniambia. Nilipofungua silabusi nikaona miwili niliyoiacha yote iko safu ya chini.

Kesho naanzia hapo. Tumetoka sita, tumerudi sita.