Tochi ya mlinzi: ifungwe kwenye bunduki au ishikwe mkononi?

Mkazi wa Nyegezi: Kamati ya mtaa wetu inataka shotigani ya mlinzi wa usiku ifungwe tochi. Naunga mkono, kwa kuwa silaha hiyo inataka mikono miwili, na mtu aliyebana tochi kwapani hawezi kukoki huku akimulika. Ingawa, tuseme ukweli, ikifika saa 8 usiku wengi wao huwa wamekwisha kulala.

Mama Igoma: Kaka, tochi ya namna hiyo humulika pale tu mdomo wa bunduki unapoelekea. Jirani atakayegonga geti usiku akiomba msaada wa kumfikisha mgonjwa hospitali ya Bugando, au kijana wangu anayerudi kutoka Mwaloni na ndoo yake ya dagaa, atanyooshewa silaha kwanza ndipo atambuliwe.

Mlinzi wa Zamu: Hayo ya tochi tutayajadili, lakini hilo la kulala limeniudhi. Mnatupa zamu ya saa 12 mfululizo, koti linalopitisha mvua, na tochi ambayo haiwaki mpaka uipige kofi mara mbili kitakoni, kisha mnatucheka.

Mkazi wa Nyegezi: Sikukutaja wewe, ndugu yangu.

Mlinzi wa Zamu: Ulisema "wengi wao". Mimi ni nani?

Mzee wa Kirumba: Sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza huku Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, walilinda kwa upinde na yowe, wala hatukusikia habari za tochi.

Mama Igoma: Shikamoo mzee. Hao hao walilaumiwa kwa kuadhibu watu bila kuwasikiliza, nami ndicho ninachokihofia hapa.

Mvuvi wa Dagaa: Mnasahau kwamba mwanga humwonyesha pia aliyeushika. Wezi wa injini ziwani huifuata taa. Tochi ya mkononi unaweza kuinyoosha mbali na mwili, ukaiwasha kidogo, ukaizima na kuhama, lakini iliyo kwenye bunduki inamwonyesha adui kifua chako kilipo.

Mlinzi wa Zamu: Basi nipeni zote mbili: ya mkononi nimtambue mtu, na ya bunduki niiwashe pale tu ninapokuwa nimeshaamua kuelekeza silaha, swichi yake ikae mbali na kifyatulio ili vidole visikosee gizani. Na bado sijaombwa radhi.

Mkazi wa Nyegezi: Mbili? Mchango wa ulinzi wa mwezi uliopita nusu ya nyumba hazijalipa.

Mzee wa Kirumba: Marahaba, binti. Yangu nimelipa, na risiti ninayo.