Saa ya mfukoni ya babu, iliyoandikwa kwamba haidhuriwi na sumaku, inakwenda mbele

Mjukuu wa Reli (Tabora)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Marehemu babu yangu, aliyefanya kazi ya reli hapa Tabora mpaka alipostaafu, alituachia saa ya mfukoni ya Uswisi ambayo usoni ina maandishi madogo ya Kifaransa yenye maana kwamba haidhuriwi na sumaku. Ilikaa sandukuni miaka mingi. Mwezi uliopita nilianza kuitia ufunguo na kuiweka juu ya spika ya redio, na sasa inatangulia karibu dakika 20 kwa siku. Fundi wa hapa sokoni anasema imeshika sumaku. Inawezekanaje, ikiwa ilitengenezwa kuizuia? Na kwa nini watu wa zamani walihangaikia jambo hili wakati umeme wenyewe ulikuwa bado mgeni?

Fundi Mstaafu (Ujiji)

Mwanangu, walihangaika kwa sababu umeme ulikuwa mgeni. Dainamo za miaka ya 1880 zilikuwa na sumaku kubwa zisizokingwa, na aliyezikaribia akiwa na saa mfukoni aliondoka na saa mbovu. Ndani ya saa kuna kamani ndogo, nyembamba kama unywele, iliyojiviringisha kama dawa ya mbu, nayo ndiyo inayolirudisha lile gurudumu linalocheza huku na huko. Ikiwa ni ya chuma cha pua na ikashika sumaku, mizunguko yake hunatana, urefu unaofanya kazi hupungua, na saa hukimbia. Kwa hiyo dakika zako 20 hazinishangazi.

Dawa ya kwanza ilikuwa kubadili madini. Charles-Auguste Paillard wa Geneva alitengeneza kamani za mchanganyiko wa paladiamu, madini meupe ya thamani, ambazo hazishiki sumaku wala kutu, na zikauzwa mpaka Marekani. Baadaye Charles Édouard Guillaume, Mswisi aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920, alileta mchanganyiko wa chuma na nikeli, kisha mwingine wenye kromiamu ndani yake, ambao ulifaa zaidi kwa kamani na haukupotoshwa kirahisi na joto. Wengine waliifunika mashine kwa kikombe cha chuma laini, ambacho huipitisha sumaku pembeni bila kuihifadhi. Mimi binafsi naiheshimu zaidi njia ya Paillard, kwa kuwa kikombe hukinga tu mpaka pale sumaku inapokizidi nguvu.

Kabla ya kumlaumu mtu yeyote, tafuta dira.

Mvuvi wa Kibirizi (Kigoma)

Naongezea hapo kwenye dira: isiwe ya simu, bali ile ndogo ya mshale, kama tunayoichukua mtumbwini. Iweke juu ya saa inayotembea, upande wa mashine. Mshale ukitetemeka kwa kufuata mapigo ya saa, sumaku imo.

Mjukuu wa Reli (Tabora)

Nashukuru, wazee wangu. Nimeazima dira kwa mwalimu wa jiografia, na mshale unatetemeka kweli. Fundi alipofungua mfuniko wa nyuma mbele yangu, niliiona kamani hiyo kwa kioo cha kukuzia: ina rangi ya buluu iliyokoza, na mizunguko miwili ya nje imegusana.

Fundi Mstaafu (Ujiji)

Buluu hiyo, mwanangu, imenijibu. Ni rangi ya chuma cha pua kilichopitishwa motoni, ilhali ya paladiamu huwa nyeupe kama fedha. Yaelekea ya asili ilikatika zamani na fundi fulani akaweka aliyokuwa nayo, jambo ambalo simlaumu, kwa maana hata mimi nimelifanya. Maandishi ya usoni yalibaki, lakini kilichoyapa ukweli kilikwisha ondolewa.

Mwombe fundi aipitishe kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, ya umeme wa mkondo geu (unaogeuza mwelekeo mara kwa mara), kisha aivute polepole mpaka urefu wa mkono huku umeme ukiwa bado unapita. Akizima umeme saa ikiwa bado ndani ya koili, anaweza kuiacha na sumaku zaidi kuliko mwanzo. Ikitoka hapo apime tena kwa dira, na mizunguko ikiendelea kugusana, basi ni mafuta ya zamani na kamani inahitaji kuoshwa. Na hiyo spika, kwa kuwa ina sumaku ndani yake, itafutie kitu kingine cha kubeba.