Land Rover 109 Series III: usukani unacheza, nikaze skrubu ya boksi au nishushe kolamu nzima?

Mzigo_Kasulu (Mwanga, Kigoma)

Wakuu, habari za kazi. Gari ni 109 Series III, usukani kulia, inapiga njia ya Kasulu. Usukani unazunguka upana wa kiganja kizima ndipo tairi zianze kukata. Oili inadondoka chini ya boksi la gia za usukani. Halafu ukiuvuta usukani kuja kifuani na kuurudisha, kuna kitu kinagonga ndani ya bomba. Fundi wa kwanza anasema tukaze skrubu ya boksi, kazi iishe. Wa pili anataka boksi na kolamu (bomba la usukani na shafti ndefu iliyomo) vitoke vyote. Nimsikilize nani? Na kama ni kufungua, niagize nini Dar mapema, maana gari haiwezi kukaa imefumuliwa wiki tatu.

---

Gololi_Ujiji

Mkuu, jibu umeshalitoa mwenyewe hapo kwenye kuvuta na kusukuma. Skrubu ile ya pembeni inadhibiti shafti fupi inayoshika mkono wa chini, basi. Haigusi shafti ndefu ya kolamu. Shafti ndefu ikipanda na kushuka, gololi zake zimekwisha, au vikombe vinavyozibeba vimechimbika, au shimu (vibati vyembamba vya kujaza nafasi) hazitoshelezi. Kaza skrubu hadi mwisho, kugonga huko kutabaki palepale.

Skrubu ina hatari nyingine. Gari muda mwingi huenda mbele moja kwa moja, kwa hiyo mifereji ya shafti huliwa zaidi katikati. Ukiondoa mchezo wote pale katikati kwa kukaza, ukikata kona kali boksi linabana na usukani haurudi wenyewe.

Ila usifungue kitu kabla ya kupima. Gari likiwa chini kwa tairi zake, mtu mmoja atikise usukani kidogo kushoto na kulia, wewe lala chini na tochi. Usukani unaenda na mkono wa chini wa boksi umetulia: boksi. Mkono wa boksi unaenda lakini mkono wa juu wa rilei (kiungo cha kwenye chesisi kinachopokea mwendo wa boksi na kuupeleka kwenye tairi) hauendi: boli jointi (viungo vya mpira wa chuma kwenye ncha) za rodi ndefu. Mkono wa juu wa rilei unaenda na wa chini umesimama: bolti za kubana mikono zimelegea, au meno yameliwa. Kuna rodi 3 na boli jointi 6 kwenye mfumo huo, na milimita moja kila mahali zikijumlishwa zinafika kiganja.

Kwa dalili zako boksi halikwepeki. Kwenye Series boksi na kolamu hutoka kama kitu kimoja, kwa hiyo panga kuondoa madigadi ya kulia. Kulazimisha bila kuyatoa madigadi kunapinda bomba. Anza kwa kuchomoa betri, kisha nyaya za indiketa na swichi. Kila waya ufunge kitambaa chenye alama.

Nati ya usukani ilegeze lakini iache imeshika nyuzi tatu nne, kisha tumia pula, kile kifaa cha kuvutia. Usipige shafti kwa nyundo. Pigo linashuka moja kwa moja hadi kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye vikombe. Baadaye usukani utakuwa unakwama kidogo kidogo kama unapita juu ya kokoto, hata ukiweka gololi mpya.

Mkono wa chini wa boksi weka alama ya patasi kwenye mkono na kwenye shafti kabla ya kuutoa, kwa pula pia. Ukirudi jino moja pembeni, gari litakata vizuri upande mmoja na upande mwingine litaishia njiani.

Boksi likishatoka, mwaga oili, lifungulie juu ya beseni lenye kitambaa. Gololi za shafti ndefu hazina kizimba, zimekaa huru juu na chini, na nyingine zinazunguka ndani ya nati kubwa. Hesabu za kila sehemu zinapotoka, ziweke kopo tofauti. Shimu na gasketi za kila kiungo zifunge peke yake.

---

Tanki_Uvinza

Naongeza moja: mkilifunga jazeni grisi badala ya oili. Haivuji, vumbi haliingii.

---

Gololi_Ujiji

Hapo napinga, ndugu yangu. Grisi nzito gololi zikishaisukuma pembeni hairudi, zinabaki kavu. Boksi hilo limetengenezewa oili ya gia, EP90. Inavuja kwa sababu bushi ya shafti fupi imepanuka, shafti inayumba na kuila oili sili. Ukibadili sili peke yake itadumu muda mfupi tu. Bushi na sili ziende pamoja, na bushi ikishaingizwa isafishwe kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu) hadi shafti izunguke bila kuyumba. Mpelekee mwenye mashine ya kukereza, usitumie msasa.

---

Mzigo_Kasulu

Shukrani sana. Kwa hiyo orodha ni ipi? Na gololi, naweza kubadili zile zilizochakaa tu?

---

Spana_Bangwe

Gololi badili zote za sehemu moja kwa mpigo. Mpya zina unene zaidi kidogo kuliko za zamani, ukichanganya zile mpya zinabeba mzigo wote peke yao na kuchimba kikombe. Agiza: seti kamili ya gololi, vikombe vyake, bushi na sili ya shafti fupi, seti ya gasketi na shimu, beringi ya juu ya kolamu, na boli jointi utakazoziona zimelegea. Mifereji ya shafti ndefu ikiwa na mabaka au vishimo ambavyo kucha inakwama humo, hizo gololi usinunue kwanza, tafuta shafti na nati yake.

Jambo wengi wanalokwama: Series III ina kitasa cha ufunguo kwenye kolamu, na bolti zake vichwa hukatwa makusudi wakati wa kukaza ili mwizi asifungue. Patasi ndogo yenye ncha kali, gonga pembeni ukizungushia kushoto, taratibu. Zikigoma, toboa katikati. Nunua bolti mpya za aina hiyo.

Wakati wa kufunga, gololi zishikilie kwa grisi kidogo ndani ya vikombe ili zisidondoke. Panga shimu hadi shafti izunguke laini kwa vidole na isipande wala kushuka. Skrubu ya pembeni iwe ya mwisho kabisa: hesabu mizunguko kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu, kaza hadi usikie ukinzani mdogo sana ukipita hapo katikati, shikilia skrubu kwa bisibisi, kaza nati. Zungusha tena hadi pande zote mbili. Ikibana popote, legeza.

Rilei ya kwenye chesisi usiifungue kama haina mchezo. Ndani ina springi kali iliyobanwa, ikichomoka inavunja taya. Iongezee oili tu: toa bolti mbili za mfuniko wa juu, jaza EP90 upande mmoja polepole, upande wa pili utoe hewa hadi oili itokeze.

Na kama utagusa rodi inayounganisha tairi mbili, pima tena: mbele ziwe zimekaribiana kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4.