Kiungo bandia cha bega kwa mama mwenye umbo dogo: bamba lifungwe wapi?

Binti wa Kasarani:
Mama yangu ana miaka 73, kimo chake hakifiki futi tano, na kano za bega lake la kulia zimechanika kiasi kwamba hawezi kuufikisha mkono kwenye chuma cha matatu. Daktari wa mifupa hapa Nairobi amependekeza kiungo bandia cha kinyume, ambacho tufe lake hufungwa begani na kikombe kwenye mfupa wa mkono. Alipotazama picha za CT alisema kwamba bakuli la bega, yaani kishimo cha mfupa wa bega kinachopokea mfupa wa mkono, ni dogo mno. Je, udogo huo unabadilisha nini?

Mpasuaji wa Mifupa:
Dada, unabadilisha mengi. Bamba linaloshikilia tufe kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 25 hadi 29, ilhali bakuli la mwanamke mdogo wa umbo linaweza kuwa na upana wa milimita 23 au 24 tu. Basi bamba hutokeza nje ya mfupa na skrubu zikakosa pa kushika. Skrubu ndefu nayo ikitoboa upande wa pili huweza kujeruhi mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa wa bega.

Hata hivyo, ninalolichunga zaidi ni kimo cha bamba lenyewe. Ukingo wa chini wa bamba ulingane na ukingo wa chini wa bakuli, wala uso wake usielekee juu. Bamba likipanda, kikombe husugua shingo ya mfupa wa bega kila mkono unaposhuka, na mfupa huo hulika polepole.

Mtaalamu wa Viungo, Ngara:
Kwa ruhusa ya daktari, naongeza habari ya tufe. Kwa mwili kama huo, tufe la milimita 42 linaweza kuukaza mno msuli wa deltoidi, ule unaofunika bega, na wagonjwa wa namna hiyo ndio ninaohangaika nao kuwanyoosha. La 36 huenea vizuri zaidi, ingawa tufe dogo halizuii bega kuteguka kama kubwa lizuiavyo.

Binti wa Kasarani:
Asanteni. Jumatatu nitauliza upana wa bakuli kwa milimita.

Mpasuaji wa Mifupa:
Uliza pia kama bamba dogo limo katika seti itakayoletwa na muuzaji. Likihitaji kuagizwa kutoka nje, ni afadhali tarehe ya upasuaji isogezwe.