Mabehewa ya bitiruti ya Ayalandi, skeli ya 4mm: nibaki na reli ya 16.5 au nihamie 21?

Mnyamwezi_Waterford
Wakuu habari za saa hizi. Mimi niko Ayalandi, mji wa Waterford, mwaka wa tano sasa, na baridi ya huku ndo ilinifungia ndani mpaka nikaanza kuunda treni ndogo kwenye meza ya jikoni, wife anasema bora hivyo kuliko ningeshika kamari. Nachounda ni yale mabehewa ya bitiruti za sukari yaliyokuwa yanapakia Wellingtonbridge kule Wexford kwenda kiwanda cha Mallow, Cork, na yalikuwa yanakatiza hapa hapa Waterford kila msimu wa mavuno mpaka mwanzoni mwa 2006 biashara ilipokufa.

Kwa asiyeyajua, CIÉ (shirika la usafiri la huku, reli zilikuwa chini yake enzi hizo) miaka ya 80 walichukua mabehewa ya wazi ya zamani yenye ubavu wa bati la migongo, wakapandisha bodi ya moja juu ya mwenzake wakachomelea, ikawa behewa la ghorofa na magurudumu yake manne yale yale. Ukiona picha unacheka ila yalipiga kazi miaka na miaka.

Sasa shida. La kwanza nimemaliza, ukiliangalia ubavuni liko poa kabisa. Ila shusha jicho usawa wa reli uliangalie kwa mbele, limekaa kama mtu mnene kwenye baiskeli ya mtoto. Nikapiga hesabu, reli za Ayalandi ni futi 5 na inchi 3, yani 1600mm, kwa skeli yangu ya 4mm kwa kila futi halisi inatakiwa upana uwe 21mm kamili. Reli za OO (skeli hiyo hiyo ya 4mm wanayotumia Waingereza) za dukani ni 16.5. Zinapungua 4.5mm, kwenye treni halisi hiyo ni kama sentimita 34! Mwingereza naye na OO yake anadanganya ila yeye anapungukiwa 2.3 tu.

Nibaki au nihame? Nina vichwa viwili vya dizeli vya dukani, aina za huku Ayalandi, 141 na 071. Na pili, hilo bati la migongo mnalitengenezaje, mi nimetumia kopo la soda likawa linajikunjua kila nikigeuka, na supaglu ikaniachia ukungu mweupe ubavu mzima, nikajifanya mjanja nikaufuta kwa thina ya rangi ya gari, plastiki ikalainika kama ubani umetafunwa. Kona moja ya behewa haipo tena duniani.

FundiMstaafu
Pole kijana, thina ya gari kila mtu anaikosea mara moja, ya pili ndo kosa.

Baki na 16.5. Nakwambia hivyo sababu umeshanunua vichwa viwili na hizo si hela za mboga. Ukihamia 21 kila kitu unajenga mwenyewe, mataruma unakata moja moja, pointi (pale reli inapogawanyika) unalehemu moja moja, alafu kichwa cha 071 kina ekseli sita, zote uzitoe uweke ndefu na gia zake zikae katikati vilevile. Mwaka utaisha hujaendesha treni hata moja.

Na hiyo futi 5 inchi 3 isikutishe kama vile imeshuka kutoka mbinguni. Reli ya Dublin na Kingstown ya 1834 ilianza na futi 4 na inchi 8 na nusu, reli ya Ulster wakaweka futi 6 na inchi 2, ya Drogheda wakaja na futi 5 na inchi 2, kila mtu na yake, mpaka serikali ikawaamua na sheria ya 1846 ndo ikaikaza hiyo 5 na 3. Watu wazima waligombana miaka kumi na wakaishia kukutana njiani, sembuse wewe na meza ya jikoni.

KijanaWaPwani
Mzee shikamoo, ila hapa napinga. Hilo behewa la ghorofa ndo baya kuliko yote kuliweka kwenye 16.5, maana limeenda juu sana, macho lazima yashuke kutafuta limesimama juu ya nini. Behewa fupi unaweza kujificha, hili halijifichi.

Mkuu we usihame, fungua tawi. Chukua ubao wa mita moja na nusu, weka reli mbili za 21mm na pointi moja tu, uite Wellingtonbridge, jenga mabehewa sita na kichwa kimoja 141 maana ile ina ekseli nne tu. Ile 071 iache kwenye 16.5 yako iendelee kuzunguka. Ukishindwa umepoteza ubao. Ila ekseli za kawaida za OO ni 26mm ncha kwa ncha, kwa 21 zinabana sana, tafuta ndefu zaidi kabla hujagundisha miguu ya behewa, mimi niligundisha kwanza nikaja kubandua kwa kisu.

Kama bado unaona uzito basi nenda kwenye zile reli nyembamba za futi 3, Tralee na Dingle au West Clare. Ukijenga kwa skeli ya 5.5mm kwa futi, reli ile ile ya 16.5 inakuwa futi 3 kamili, hamna uongo hata kidogo. Shida yake ni kwamba Dingle ilifungwa 1953 na West Clare 1961, bitiruti zako hutozikuta huko, utabeba ng'ombe.

Bi_Mkubwa_Pemba
Nyie mnabishana upana wa reli mwenzenu kauliza bati.

Mdogo wangu achana na kopo la soda, lile lina springi. Chukua ile sahani ya foili ya chakula cha kubeba, laini hiyo. Tafuta nyaya nyembamba zilizonyooka, zipange bega kwa bega juu ya kigae uzigundishe, hiyo ndo kalibu yako. Lazisha foili juu, pita na kalamu iliyoisha wino katikati ya waya na waya, taratibu, mara ya kwanza usikandamize, mara ya pili ndo ukandamize. Foili ikichanika ujue umeanzia pembeni, anzia katikati uende nje. Kabla ya kukata angalia picha migongo inaelekea wapi, mimi nilikata nne zote upande sio.

Kugundisha tumia epoksi, supaglu inatoa mvuke ndo huo ukungu wako. Na behewa refu vile litapinduka kwenye kona, weka uzito chini kabisa ya sakafu, mie naweka gramu 25 kwa kila ekseli. Natumia chubwi za kuvulia. Ila chubwi na zenyewe uzishike kwa epoksi, risasi ukiichanganya na gundi nyeupe ya mbao miezi ikipita inavimba inapasua behewa, hilo limenikuta.

Mzigo hujauliza ila nakwambia, nenda duka la Wahindi nunua uwele. Punje ya uwele ina kama 3mm na imechongoka upande mmoja, kwa skeli yako hiyo ni bitiruti ya sentimita 23, na rangi yake ya kijivu vumbi ndo ile ile ya bitiruti iliyotoka shambani na udongo wake. Paka gundi, mwaga uwele, nyunyiza vumbi la chaki ya kahawia.

Kichwa_Ngumu
Nje ya mada kidogo, hiyo akili ya kubadili skeli ili reli ikubali, kwa TAZARA inawezekana?

KijanaWaPwani
Inawezekana sana. TAZARA ni 1067mm, ukijenga kwa 1:64 reli ya 16.5 inaipata karibu kabisa, inakosa kama sentimita moja tu. Reli ya kati ya zamani ile ya mita moja ndo inasumbua, unaangukia kwenye 1:60 na ushee, na huko vitu vya dukani hamna.

Mnyamwezi_Waterford
Shikamoo Bi Mkubwa, na Mzee pia. Nimeamua ubao wa mita na nusu, 21mm, na 071 inabaki ilipo. Foili nimejaribu jana usiku, ya tatu ndo imekubali, migongo imesimama kama bati la nyumba ya bibi. Uwele nimepata ila mfuko mdogo kabisa dukani ulikuwa kilo nzima, behewa moja halili hata vijiko vinne.

Bi_Mkubwa_Pemba
Uoke kwanza kwenye oveni kabla ya kuumwaga, fukusi wakianguliwa ndani ya gundi watakutoboa behewa zima. Uliobaki pika uji.